Makaburi ya Luxor na Kijiji cha Walioyachimba

Jumapili

Treni ya usiku kutoka Cairo hupita zaidi ya kilomita 600 kuelekea kusini, na kulipopambazuka tulikuwa tukienda sambamba na Mto Nile, mashamba ya miwa na migomba yakiwa upande mmoja, na ng'ambo ya maji kukiwa na vilima vya mawe ya chokaa visivyoota hata unyasi. Sisi wa Afrika Mashariki tunaujua mto huu pale unapotoka Ziwa Victoria huko Jinja, ila mafuriko ya kila mwaka yaliyoistawisha Misri ya kale yalitoka hasa katika nyanda za juu za Ethiopia, yakileta maji na rutuba kwa pamoja, mpaka Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970 na kuyakomesha. Ni vyema msafiri alishike jambo hili kabla ya kuingia katika hekalu lolote, kwa sababu karibu kila kitu alichojenga Firauni kililipiwa kwa nafaka, na nafaka ilitokana na mafuriko hayo.

Luxor ndiyo Waset ya Wamisri wenyewe na Thebes ya Wagiriki, mji mkuu wa dini na wa wafalme katika kipindi ambacho wanahistoria wanakiita Ufalme Mpya, takribani karne ya 16 hadi ya 11 KK. Ukingo wa mashariki, linakochomoza jua, ulikuwa wa walio hai na wa mahekalu makuu ya mungu Amun, na ukingo wa magharibi ulikuwa wa wafu. Jioni tulikutana na mwongozaji wetu, mtu wa makamo aliyezaliwa katika kijiji cha Qurna, kilichokaa juu ya makaburi yenyewe mpaka serikali ilipoanza kuwahamisha wakazi wake na kuzibomoa nyumba zao mwaka 2006. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba katika ratiba yake atenge muda wa kutosha kwa Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochimba na kuchora makaburi ya wafalme. Alinitazama kwa furaha akasema kwamba wageni wengi hupelekwa kwenye kaburi la Tutankhamun, kisha kwenye duka la vinyago, na kijiji hicho wanakipita wakiwa ndani ya basi.

Jumatatu

Siku hii ilikuwa ya ukingo wa mashariki, na tuliianza Karnak mapema, kabla ya mabasi ya watalii kujaa. Ukumbi mkubwa wa nguzo umeandikwa sana, kwa hiyo sitaueleza kwa kirefu: nguzo 134, zile 12 za katikati zikiwa na urefu wa meta 21 hivi, zote zimefunikwa michoro kuanzia chini hadi juu. Kilichonivuta zaidi ni tofauti kati ya upande wa kaskazini na ule wa kusini. Kaskazini, palipochongwa enzi ya Seti I, fundi amechimba ukuta wote kuzunguka umbo ili umbo lenyewe litokeze, kazi ya subira isiyo na haraka. Kusini, mwanawe Ramesses II alipotawala, maumbo mengi yamezamishwa ndani ya jiwe, kwa mbinu inayochukua muda mfupi na inayolifanya jua litie kivuli kikali kwenye kingo. Ukisimama katikati na kugeuza uso huku na huku, unaona agizo la mfalme mmoja na la mfalme mwingine, na unaona pia namna siku ya kazi ya fundi ilivyobadilika.

Kuna mahali pengine Karnak ambapo kazi yenyewe imebaki ikionekana. Lango kuu la kwanza, linalohusishwa na Nectanebo I wa karne ya 4 KK, halikumalizwa kamwe. Mawe yake mengi hayakulainishwa, na nyuma yake, upande wa kusini wa ua, bado kuna mabaki ya mteremko wa matofali ya udongo uliotumiwa kupandishia mawe. Watu wanapita mbele ya rundo hilo la udongo wakidhani ni kifusi. Ni jukwaa la ujenzi lenye umri wa zaidi ya miaka 2,300, nami nilikaa mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya sanamu yoyote ya siku ile.

Mwongozaji alitupeleka pia kwenye mnara wa jiwe moja wa Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama Firauni kamili katika karne ya 15 KK. Una urefu wa karibu meta 30 na uzito wa zaidi ya tani 300, na ulikatwa katika mwamba wa matale huko Aswan kisha ukasafirishwa mtoni. Maandishi kwenye kitako chake yanasema kwamba kazi ya kuukata pamoja na mwenzake ilichukua miezi saba. Hatshepsut mwenyewe ndiye aliyetaka vizazi vijavyo viusome muda huo.

Jioni tuliiona Hekalu la Luxor taa zikiwa zimewashwa, na ndani yake msikiti wa Abu Haggag, ambao mlango wake wa zamani unaning'inia juu hewani kwa kuwa ulijengwa wakati hekalu lilipokuwa limefukiwa kwa mchanga na nyumba za watu. Mnara mmoja wa jiwe umebaki mbele ya lango, na wa pili umesimama Paris tangu mwaka 1836.

Jumanne

Hii ndiyo siku ya ziara yenyewe ya ukingo wa magharibi. Tuliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa basi dogo, tukiwa na mzee mmoja wa Mombasa na mkewe, ambao tulifurahi mno kukutana nao kwa kuwa tangu Cairo hatukuwa tumesikia Kiswahili. Nilimwamkia mzee, akaitikia marahaba na kuniuliza habari za Dar es Salaam, na tangu hapo mimi nilikuwa "mwanangu" hadi mwisho wa siku. Asubuhi ya Januari katika jangwa hili ni ya baridi kali, nao walikuwa wamejifunga shuka juu ya makoti.

Tulisimama kidogo kwenye sanamu mbili kubwa zinazoitwa za Memnon, ingawa ni za Amenhotep III, zikiwa na urefu wa meta 18 hivi. Zilikaa mbele ya hekalu lake la mazishi, ambalo mafuriko na wachukuaji wa mawe wamelimaliza karibu lote. Baada ya tetemeko la mwaka 27 KK sanamu ya kaskazini ilianza kutoa sauti jua lilipochomoza, na Wagiriki na Warumi walikuja kuisikiliza, akiwemo Kaisari Hadrian mwaka 130 BK. Miguu yake imejaa maandishi ya wageni hao.

Bonde la Wafalme limejificha nyuma ya mlima wa al-Qurn, ambao kilele chake kina umbo la piramidi bila mkono wa mtu kuugusa. Zaidi ya makaburi 60 yamepewa namba humo. Tiketi ya kawaida inamruhusu mgeni kuingia makaburi matatu kati ya yaliyofunguliwa siku hiyo, na makaburi ya Tutankhamun, Seti I na Ramesses VI yana tiketi zake za pekee. Waongozaji hawaruhusiwi kutoa maelezo ndani, kwa hiyo wetu alitukalisha kivulini, akafungua vibao vyake vya picha, akatufundisha kila kaburi kabla hatujashuka. Utaratibu huu ni mzuri kuliko unavyofikiriwa, kwa sababu mtu anashuka akijua anachokitafuta, na kule chini anabaki na macho yake tu.

Tulianza na kaburi la Ramesses III. Unashuka katika njia iliyonyooka yenye vyumba vidogo pembeni, kimojawapo kikiwa na wapiga vinubi vipofu, kisha ghafla njia inasogea upande wa kulia na kuendelea mbele ikiwa imehama mstari wake. Wachimbaji, walipokuwa wakiendelea na kazi, walitoboa ukuta na kujikuta wameingia katika kaburi la mfalme mwingine, Amenmesse, lililochimbwa kabla yao. Hakuna aliyelificha kosa hilo. Waliuhamisha mhimili wa kaburi, wakainua sakafu kidogo, wakaendelea. Nilipofika kwenye kona hiyo nilihisi kwamba niko katika eneo la kazi, mahali ambapo mnyapara aliitwa, mashauri yakafanyika kwenye mwanga wa taa za mafuta, na uamuzi ukatolewa.

Kaburi la Ramesses VI linajulikana kwa dari ya chumba cha maziko, ambapo mungu mke Nut, mbingu yenyewe, amechorwa mara mbili akiwa amejinyoosha, akilimeza jua jioni na kulizaa tena asubuhi baada ya kupita mwilini mwake saa zote za usiku. Rangi ya njano juu ya buluu nzito bado ni mbichi. Lakini kaburi hili lina habari nyingine inayohusu jirani yake. Katika eneo hilohilo mafundi wa zama za akina Ramesses walijenga vibanda vyao vya mawe kwenye sakafu ya bonde, pasipo kujua kwamba chini yake kulikuwa na ngazi za kaburi la Tutankhamun, aliyezikwa karibu karne mbili kabla ya kaburi la Ramesses VI kukamilika. Vibanda hivyo na kifusi cha makaburi viliufunika mlango, wezi wakausahau, na mwakiolojia Mwingereza Howard Carter alipoviondoa vibanda hivyo ndipo ngazi ya kwanza ilipoonekana tarehe 4 Novemba 1922. Hazina ya vitu zaidi ya 5,000 ilinusurika kwa sababu vibarua walihitaji mahali pa kupumzika mchana.

Kaburi lenyewe la Tutankhamun ni dogo, vyumba vinne, na ni kimoja tu kilichochorwa. Mwili wake bado umo humo, ndani ya kisanduku cha kioo, na ukutani wamechorwa kwa safu nyani 12, mmoja kwa kila saa ya usiku. Mgeni anayekuja kwa ajili ya dhahabu hataiona hapa, kwani hazina imehamishiwa Jumba Kuu la Makumbusho la Misri karibu na piramidi za Giza, lililozinduliwa rasmi tarehe 1 Novemba 2025.

Kwa Seti I nililipa tiketi ya ziada, na ningeilipa tena kesho yake bila kusita. Mwitaliano Giovanni Belzoni aliligundua kaburi hili mwaka 1817, na linashuka zaidi ya meta 130 ndani ya mwamba. Nyuso za wafalme na miungu zimetokeza kwenye ukuta kwa ulaini wa ngozi, na mikunjo ya kitani juu ya magoti inahesabika. Kuna majeraha pia: mwaka 1829 msafara wa Champollion na Rosellini, wataalamu wa Misri ya kale, ulikata vipande viwili vya ukuta, kimoja kikaenda Paris na kingine Florence, na jeneza la jiwe liko London.

Chumba nilichokitafuta humo hakijakamilika. Kuta zake zina michoro ya wino tu, hakuna kilichochongwa. Nilisogea hadi pua ilipokaribia kugusa kamba ya ulinzi. Mchoraji wa kwanza amepita na wino mwekundu, kwa mkono mwepesi, akaweka bega, kiwiko, mdomo. Juu yake amepita mwingine kwa wino mweusi, bila shaka mkuu wake, akasahihisha: hapa ameuteremsha mstari wa paja, pale ameikaza shingo, na kwenye umbo moja ameurudia mkono kabisa, ule mwekundu ukabaki chini yake. Mistari miwili imekaa pamoja kwa miaka zaidi ya 3,200. Vitabu vinasema kwamba sanaa ya Misri ilifuata kanuni kali, na ni kweli, lakini hapa kanuni inaonekana ikifundishwa, mtu mmoja akimrekebisha mwingine juu ya ukuta mmoja, kisha kazi ikasimama na wote wawili wakaondoka.

Baada ya chakula cha mchana tulikwenda hekalu la Hatshepsut huko Deir el-Bahari, lenye sebule zilizopandana chini ya jabali refu. Ujumbe wa wataalamu wa Poland umekuwa ukilikarabati tangu mwaka 1961. Kwenye sebule ya kati, upande wa kushoto, kuna habari ya msafara aliotuma nchi ya Punt, ambayo wataalamu wengi huiweka katika eneo la kusini mwa Bahari ya Shamu na Pembe ya Afrika. Zipo merikebu tano, nyumba zilizosimama juu ya nguzo na kupandwa kwa ngazi, samaki wa baharini waliochorwa kwa uangalifu hadi unaweza kuwatambua baadhi yao, na mkuu wa Punt aitwaye Parahu pamoja na mkewe Ati. Shehena ni manemane, dhahabu, pembe za ndovu, nyani, na miti mizima ya manemane. Mke wa mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwanangu, tazama," akaniambia, "mti wameung'oa pamoja na udongo wake, wakautia kapuni, wakauchukua mzegamzega. Hivi ndivyo marehemu baba alivyokuwa akihamisha miche ya minazi." Mzee akaongeza kwamba ubani na manemane ya Msomali hadi leo vinauzwa Marikiti kwa mizani. Ukanda huu wa bahari ulikuwa na biashara ya manukato miaka 3,500 iliyopita, na mwanamke aliyekulia pwani aliisoma picha yake bila mkalimani.

Sura za Hatshepsut mwenyewe zimefutwa kwa patasi katika sehemu nyingi, kazi iliyofanyika miaka mingi baada ya kifo chake, katika sehemu ya mwisho ya utawala wa mrithi wake Thutmose III. Inawezekana kabisa kwamba waliotumwa kuzifuta walitoka katika kijiji kilekile cha mafundi.

Tulifika Deir el-Medina jua likiwa limekwisha kuinama, na lango lilikuwa karibu kufungwa. Nilipatana na mwongozaji turudi kesho yake.

Jumatano

Nimeiandika siku hii kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyonileta Luxor.

Deir el-Medina ni bonde dogo kavu kati ya vilima viwili. Kuta za nyumba zimebaki hadi kiunoni, na katika sehemu nyingine hadi magotini. Njia kuu imepita katikati, nyembamba kiasi cha watu wawili kupishana kwa shida, na nyumba zipatazo 68 zimeshikana pande zote mbili ndani ya ukuta. Wenyewe walipaita Mahali pa Ukweli. Mwongozaji alinichukua nyumba moja baada ya nyingine hadi nikaweza kuisoma ramani bila yeye: chumba cha mbele chenye jukwaa la matofali pembeni, ambalo huenda lilikuwa madhabahu ya nyumbani, chumba cha pili chenye nguzo moja na kiti kirefu cha udongo, ghala chini ya sakafu, kisha vyumba vidogo, na nyuma kabisa jiko lililo wazi juu, lenye tanuri la mkate na ngazi ya kwenda darini. Niliinama kwenye jiwe la kusagia lililoachwa katika jiko mojawapo. Limelika katikati, na upande mmoja umelika zaidi ya mwingine, kulingana na mkono wa aliyelisukuma.

Mafundi hawa walikuwa watumishi wa serikali. Waligawanywa katika makundi mawili, la upande wa kulia na la upande wa kushoto, kila moja na mnyapara wake, na juu ya yote alikuwepo karani wa kaburi aliyeandika kila kitu. Idadi yao kwa kawaida haikuzidi makumi kadhaa, ingawa Ramesses IV aliipandisha hadi 120. Juma lao lilikuwa la siku kumi, na siku za kazi walilala katika vibanda vya mlimani, juu ya Bonde la Wafalme. Patasi za shaba zilikuwa mali ya serikali, zikipimwa kwa uzito zinapotolewa na zinaporudishwa, na hata tambi za taa zilihesabiwa. Fundi wa kawaida alipata kwa mwezi magunia 4 ya ngano na gunia 1 na nusu la shayiri, gunia la kipimo chao likiwa takribani lita 77: ngano kwa mkate, shayiri kwa pombe. Samaki, mboga, kuni na vyungu vililetwa na watu waliopangiwa kazi hiyo, na maji pia yalipandishwa kutoka bondeni kwa punda, kwa kuwa kijiji hakina kisima.

Haya yote yanajulikana kwa sababu hawa walikuwa watu wa kuandika, na waliandika kwenye vigae na vipande vya mawe ya chokaa vilivyokuwa vimezagaa bure. Bernard Bruyère, Mfaransa aliyechimbua hapa kuanzia mwaka 1922 hadi 1951, alipata maelfu ya vipande hivyo, vingi katika shimo kubwa lililo nje ya kijiji. Tulisimama ukingoni mwa shimo hilo. Linatisha kwa kina chake, na hufikiriwa kwamba lilichimbwa kutafuta maji, yakakosekana, kisha likageuzwa jaa. Kutoka jaani zimetoka barua, madeni, kesi za punda wa kukodi, mashairi ya mapenzi na michoro ya utani.

Kipo kipande kimoja, sasa kiko London, ambacho ni daftari la mahudhurio la mwaka wa 40 wa Ramesses II. Kina majina 40 na kinahusu siku 280, na juu ya kila siku ambayo mtu hakufika kazini pameandikwa sababu kwa wino mwekundu: huyu anaumwa, huyu ameumwa na nge, huyu anapika pombe, huyu yuko kwenye maziko, huyu mkewe au bintiye yuko katika siku zake. Mnyapara yeyote wa leo angelitambua daftari hilo. Upo pia wosia wa mwanamke aitwaye Naunakhte, wa enzi ya Ramesses V, ambaye alifika mbele ya baraza akatangaza kwamba watoto waliomtunza uzeeni watarithi mali yake mwenyewe, na wale waliompuuza hawatapata kitu. Baraza lilimwandikia na mashahidi wakatajwa kwa majina.

Makaburi yao yamo kwenye mteremko, hatua chache kutoka milangoni mwao. Tuliingia katika lile la Sennedjem, lililopatikana likiwa kamili mwaka 1886. Unashuka ngazi kali, unapita kwa kuinama sana, kisha unasimama ndani ya chumba kidogo chenye dari ya mviringo ambacho hakitoshi watu wengi. Kuta zote ni za njano iliyoiva. Upande mmoja Sennedjem anavuna ngano ndefu kuliko yeye, na mkewe Iyneferti anakuja nyuma yake akiokota masuke na kuyatia katika kikapu, wote wakiwa wamevaa kitani cheupe cha sherehe. Hiyo ndiyo pepo yao: shamba, maji pande zote, mitende yenye matunda, na nafaka isiyocheleweshwa na mtu. Kwa ustadi wa mkono kazi hii haipungukiwi na ile ya Seti I, na Sennedjem aliishi katika enzi hiyohiyo. Tofauti ni kwamba hapa fundi amejichorea mwenyewe, na uhuru unaonekana katika majani ya miti. Vitu vilivyokuwa humo viligawanyika, vingine vikabaki Cairo na vingine vikanunuliwa vikaenda New York.

Kutoka kijijini tulitembea kwa miguu hadi Ramesseum, hekalu la mazishi la Ramesses II. Wageni huja kuitazama sanamu yake iliyoanguka, ambayo ilipokuwa nzima inakadiriwa ilikuwa na uzito wa tani 1,000. Sisi tulizunguka nyuma, kwenye maghala ya nafaka. Ni mapango marefu ya matofali ya udongo, yaliyojengwa kwa tao, safu kwa safu, na mengine bado yana paa. Posho ya mafundi ilihifadhiwa katika maghala kama haya.

Mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses III, karibu mwaka 1157 KK, posho haikufika kwa siku 18. Mafundi waliweka vifaa chini, wakapita vituo vya ulinzi, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu la Thutmose III, na siku zilizofuata wakaja hapa Ramesseum. Karani aliyeandika habari hizo anaeleza kwamba walisema ni njaa na kiu vilivyowaleta, kwamba hawana nguo, wala mafuta, wala samaki, wala mboga, na walitaka Firauni na waziri wake wapelekewe habari. Mkuu wa polisi, badala ya kuwapiga, aliwashauri wawachukue wake zao na watoto wao waende wakakae katika hekalu la Seti I. Wakapewa posho ya mwezi uliopita. Ilipocheleweshwa tena, wakagoma tena. Ndio mgomo wa kwanza duniani ambao maandishi yake yamebaki, na karatasi yake ya mafunjo iko Turin. Nilimweleza mwongozaji kwamba kwetu habari hii ingepaswa kusomeshwa katika somo la historia pamoja na mgomo wa makuli wa bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kwani madai ni yaleyale na mpangilio wake pia: kutoka kazini, kukaa mahali ambapo wakubwa hawawezi kukupuuza, na kumtaka mwenye mamlaka mwenyewe. Hakuhitaji kushawishiwa.

Alhamisi

Asubuhi ya mwisho tulikwenda Medinet Habu, hekalu la mazishi la Ramesses III huyohuyo. Kuta zimechongwa kwa kina ambacho kidole kizima kinaweza kuzama, na dari za baraza zimehifadhi rangi nyeupe, buluu na nyekundu. Nje kuna vita vya mwaka wake wa 8 dhidi ya Watu wa Baharini, makabila yaliyoivamia Misri kupitia baharini, na ndani makarani wanahesabu marundo ya mikono iliyokatwa ya maadui. Ni hekalu lililo kamili kuliko yote ya magharibi, na kuliko Karnak lina utulivu, kwa kuwa halimo katika ziara nyingi za siku moja.

Ndani ya kuta hizi mafundi wa Deir el-Medina walihamia mwishoni mwa Nasaba ya 20 ya wafalme, nchi ilipokosa usalama na wavamizi wa jangwani wakawa tishio. Mwongozaji alinipeleka upande wa nyuma, magharibi mwa jengo, palipo na nguzo chache nyeupe zilizosimama peke yake. Ni nyumba ya Butehamun, karani wa kaburi, mmoja wa wa mwisho kushika cheo hicho. Wakati wake hakukuwa tena na kaburi la mfalme la kuchimbwa bondeni. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kuyafungua yaliyokuwepo, kuitoa miili ya wafalme, kuifunga upya kwa sanda na kuihamisha, huku dhahabu iliyosalia ikienda kwa watawala. Jina lake limo katika maandishi ya wino yaliyoachwa kwenye sanda ya Ramesses III. Watu waliokuwa wakirithishana ufundi wa kuchimba makaburi ndio pekee waliojua kila mlango ulipo, na ndio walioitwa kuyafunga hesabu.

Miili hiyo hatimaye ilifichwa katika shimo lililo jirani na hekalu la Hatshepsut, ikakaa humo mpaka mwaka 1881, idara ya mambo ya kale ilipolifikia baada ya familia moja ya Qurna kulijua kwa miaka kadhaa. Tangu Aprili 2021 wafalme wamelazwa katika Jumba la Makumbusho la Ustaarabu wa Misri huko Fustat, Cairo. Seti I yumo, na uso wake haujaharibika. Ramesses III yumo pia, na uchunguzi wa picha za mionzi uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba alikatwa koo, jambo linalolingana na kumbukumbu za kesi ya njama iliyopangwa na watu wa nyumba ya wake zake, yapata miaka mitatu baada ya mgomo. Treni yetu inaondoka Luxor saa moja jioni, na kesho, Mungu akipenda, tutakwenda kuwaona wote wawili.